Punda Hacheui

Punda wa dada yangu aliacha kula pumba siku ya Jumatatu jioni, na ndoo ilikuwa mkononi mwangu. Alinusa, akageuza kichwa, akanyanyua mdomo wa juu kama mtu aliyeonja kitu kichungu, kisha akaanza kusaga meno. Mdomoni hamkuwa na kitu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake nikisikiliza meno matupu yakisagana. Begi langu lilikuwa tayari limefungwa, kwa sababu Jumatano nilipaswa kupanda basi.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Tangu nimalize kidato cha nne nimeanika dagaa Kalemela, nimechekecha mchanga machimboni, nimepakia korosho kusini, na kwa karibu miaka miwili nimelisha farasi katika shamba moja karibu na Arusha. Kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka. Nikiwa ugenini nilikumbuka vumbi la kwetu Bariadi wakati wa kuvuna pamba, na nikiwa nyumbani nilikumbuka baridi ya Arusha asubuhi. Mwaka ule nilirudi mwezi wa nane kumwona dada, nikiwa nimejiahidi wiki mbili tu.

Dada ni mzaliwa wa kwanza kwetu, mimi ni wa mwisho, na kati yetu kuna miaka ishirini. Alibaki mjane, watoto wakaolewa na kuhamia mijini, yeye akabaki katika mji wa marehemu mumewe, nyumba na zizi, mwendo wa pikipiki kutoka Bariadi mjini, akiwa na ng'ombe saba na punda mmoja. Punda huyo alimnunua mnadani Lalago kutoka kwa watu wa Bukundi, na kila kiangazi ndiye aliyekuwa miguu yake. Visima vya karibu vikikauka, maji tunayafuata mtoni, na mto wenyewe wakati huo ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, unayachota kwa kikombe mpaka dumu lijae. Kwenda ni saa nzima. Punda alibeba madumu manne. Dada, kwa nyonga yake ilivyo, hata moja asingelifikisha.

Binti yake wa Mwanza alikuwa amemwambia waziwazi: "Mama, siku punda akikushinda, unakuja kwangu." Dada alikubali, akiwa na hakika kwamba siku hiyo iko mbali. Kwa hiyo punda alipogoma kula, kila mtu pale nyumbani alijua kinachopimwa. Akifa, au akidhoofika asiweze kazi, mji ule unafungwa, ng'ombe wanagawanywa, na dada anakwenda kukaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mkwe wake, akisikiliza televisheni.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Siku niliyofika, punda alikuwa anachechemea mguu wa mbele. Niliinua ukwato nikakuta kijiwe kimejichimbia, nikakitoa kwa ncha ya kisu, nikapaosha kwa maji ya chumvi. Mpaka hapo nilifanya vizuri. Lakini kesho yake alikuwa bado anachechemea, na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba mambo ya kwato nimeyasomea kwa farasi wa Arusha. Nikaenda mjini kimyakimya, nikanunua pakiti za unga wa kutuliza maumivu, nikawa nauchanganya kwenye pumba zake kila jioni kabla hajafungwa zizini. Baada ya siku mbili akatembea kama ndama.

Sifa zikaja. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno mengi ambaye mji wake unapakana na wa dada, alinitambulisha kwa majirani. "Huyu msimwone hivi. Ana mikono. Amewatibu farasi wa Wazungu." Sikumkatiza. Nikaendelea na unga siku hadi siku, nikihofia kwamba nikiacha mguu utarudi na sifa zitaondoka. Makaratasi ya pakiti nilikuwa nayakunja na kuyaficha mfukoni.

Ndiyo maana Jumatatu ile, nilipoona anasaga meno, sikumwita mtu haraka. Nilirudisha pumba ndani nikasema labda zimechacha.

Jumanne alilala chini mchana, akawa anageuza shingo kutazama ubavu wake. Manyoya yalikuwa yamesimama, hayana mng'ao, na mbavu nilizoweza kuzihesabu zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka. Alipoinuka, dada alijaribu kumfunga mkanda wa magunia tumboni. Aliruka pembeni, na mnyama yule hakuwahi kuruka maishani mwake.

"Mchome," alisema shemeji. "Chuma cha moto hapa ubavuni, mara tatu. Baba alikuwa anachoma."

"Alikuwa anachoma ng'ombe," dada akajibu, "na nusu yao tuliwala."

"Shemeji, mimi nakusaidia."

"Nenda kasaidie nyumbani kwako. Mimi namwita daktari."

Basi la Jumatano likaondoka bila mimi.

Daktari wa mifugo wa kata yetu alikuwa mwanamke kijana kutoka Tanga, aliyehamishiwa kwetu mwaka uliotangulia. Alikuja na pikipiki, ushungi umebanwa chini ya kofia ngumu, akamsalimia dada "mwangaluka" kwa lafudhi iliyomfanya dada acheke hata siku ile. Alimpima punda taratibu sana. Alimfungua midomo akatazama ufizi, akaweka sikio la mpira ubavuni, akabonyeza nyuma ya kiwiko, punda akakunja uso. Kisha akaomba ndoo ya pumba na konzi ya majani makavu, akaviweka chini pamoja. Punda alizikwepa pumba, akachuma majani mawili matatu, akasita, akaacha.

"Mimi nadhani ana vidonda vya tumbo," alisema.

Shemeji aliyekuwa ameegemea mwimo wa zizi alisimama wima. "Vidonda vya tumbo? Vile vya walimu?"

"Vilevile, baba."

"Sasa huyu ana mawazo gani? Hana mke, hana mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani."

Daktari alicheka, lakini hakuacha kuuliza. Akamgeukia dada. "Mama, usiku anakula nini?"

Dada alimtazama kana kwamba ameulizwa punda analala na shuka gani. "Usiku wanyama wanakuwa zizini, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Wanakula nini humo?"

Shemeji akaona ni zamu yake kumfundisha mgeni. "Daktari, ng'ombe wa kwetu akirudi jioni ameshajaza tumbo. Usiku ni kazi ya kucheua. Anakula alichokibeba, mpaka asubuhi."

"Na punda?"

"Punda naye..." Tukamwona anatafuta mahali pa kuweka neno lake.

"Baba, umewahi kumwona punda anacheua?"

Sisi ni watu wa ng'ombe. Mtoto wa kwetu anajua rangi za ng'ombe kabla hajajua kuhesabu, na tukisema mnyama tunamaanisha ng'ombe, wengine wote wanafuata utaratibu wake. Ng'ombe anatoka asubuhi, punda anatoka asubuhi. Ng'ombe anafungiwa jioni, punda anafungiwa jioni. Kwa miaka sita punda yule alikuwa anasimama kila usiku katikati ya ng'ombe saba wanaotafuna, yeye akiwa hana cha kutafuna, na hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo.

"Tumbo la ng'ombe ni ghala," daktari alieleza. "La punda ni kikapu. Halafu tindikali yake haingoji chakula kifike, inatoka saa zote. Akikaa saa kumi na mbili tumbo tupu, inaanza kumla yeye. Ajabu ni kwamba amevumilia muda wote huu. Kuna kitu kimemzidishia. Amepewa dawa yoyote hivi karibuni?"

"Hapana," alisema dada. "Alikuwa na mguu tu, na huyu mdogo wangu akautengeneza kwa mikono yake." Akanionyesha kwa kidevu, kwa fahari.

Nilikuwa nimeinama natazama ukwato. Niliendelea kuutazama.

Daktari alitoa maelekezo. Punda apate majani mbele yake mchana na usiku, kidogo kidogo lakini yasiishe. Pumba zikome. Asibebe kitu. Aletewe majani ya karanga kama yapo, yanatuliza. Akatoa vidonge vichache vya kupunguza tindikali, vya watu, kwa kuwa vya wanyama vya aina hiyo huku havifiki, akatuonyesha namna ya kuvifungua na kuchanganya chembe zake katika kijiko cha uji wa baridi, asubuhi kabla ya chochote. Alituambia bila kuficha kwamba hana kifaa cha kuchungulia tumboni, na kwamba anakisia.

"Nimngoje mpaka lini?" dada aliuliza.

"Mpe siku kumi, mama. Akianza kula ndani ya siku kumi, atapona polepole. Asipoanza, basi kuna kitu ambacho mimi sikioni."

Jioni ile dada alimpigia simu binti yake. Nilimsikia akisema siku kumi, na kwamba baada ya hapo atakubali kuhama bila kubishana. Alipiga simu ya pili kwa mnunuzi wa punda, akamwambia apite huku akitoka kwenye mnada wa wiki ijayo. Kisha akakaa kwenye kigoda akachambua choroko.

Nilimjengea punda uzio wake mdogo wa miiba, ubavuni mwa zizi, ili awaone ng'ombe wake, nao wasidhani amepotea. Nilipokuwa nafunga fito nikakumbuka Arusha. Kila saa kumi na moja jioni tulikuwa tunazunguka mabandani na nyavu zilizojaa majani makavu, tunamtundikia kila farasi wavu wake, na asubuhi tunakuta vipande tu vimebaki sakafuni. Kwa karibu miaka miwili nilitundika nyavu zile. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani ni anasa ya wanyama wa matajiri. Niliondoka pale na hadithi za kusimulia, na kitu kimoja cha maana nilichokishika kwa mikono yangu kila siku sikukibeba.

Siku tano zilipita na punda hakubadilika. Alichuma kidogo, akaacha, akasaga meno. Mara mbili nilimkuta amelala akitazama ubavu, nikashindwa kuvumilia, nikampa tena ule unga wa maumivu ndani ya uji. Nilijiambia namwonea huruma. Baada ya muda angeonekana ametulia, nami nikajiona nimefanya jambo jema.

Siku ya sita vidonge viliisha, dada akanituma mjini na karatasi ya daktari. Duka la dawa lilikuwa na foleni. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani, alisoma karatasi akanitazama juu ya miwani.

"Mgonjwa ni wewe?"

"Ni wa nyumbani."

"Mkubwa au mtoto?"

"Mkubwa."

"Uzito wake?"

"Kama kilo mia na thelathini."

"Mh!" Aliweka karatasi chini. "Ndugu, huyo mshaurini. Apunguze mafuta. Ugali wa usiku aache."

"Usiku ndiyo tumeambiwa ale."

"Nani kawaambia?" Watu nyuma yangu walianza kuguna. Yule mama akaendelea, sasa kwa huruma. "Halafu nikuulize. Watu wa kilo nyingi magoti huwasumbua. Anameza dawa za maumivu?"

Nilitazama rafu za dawa nyuma yake.

"Anameza, sivyo? Kila siku, na tumbo tupu? Basi msihangaike na hivi vidonge, mnamwaga maji kwenye pakacha. Hizo za maumivu ndizo zinazomchimba tumbo. Aache leo. Kwanza aache, halafu ndiyo hivi vifanye kazi. Mwambie mwenyewe, tena mwambie kwa ukali."

"Ni punda," nilisema.

Duka lilicheka mpaka mlinzi wa nje akachungulia. Yule mama alicheka pia, akafuta miwani, lakini aliponipa vidonge alinishika mkono kidogo. "Punda au mtu, tumbo ni tumbo. Aache."

Kutoka Bariadi mjini mpaka kwa dada, nikiwa nyuma ya bodaboda, nilipiga hesabu za siku. Zilikuwa zimebaki nne. Ikiwa sumu ilikuwa inaingia mpaka juzi, siku nne hazitoshi. Daktari alizihesabu siku kumi akiamini kwamba hakuna dawa nyingine. Ningeweza kuacha unga kimya, nikatupa makaratasi chooni, na pengine punda angepona. Ila angeponea kwa mnunuzi, au asingepona kabisa, kwa sababu siku ya kumi dada angemtoa. Ili kumwongezea punda siku, ilinipasa kusema kwa nini anazihitaji.

Dada alikuwa uani anapepeta. Nilitoa makaratasi yote mfukoni, kumi na kitu, nikayaweka kwenye ungo wake.

"Ni nini?"

"Dawa ya mguu. Nilikuwa nampa. Daktari alipouliza nilinyamaza. Hiyo ndiyo iliyomzidishia tumbo. Hata juzi nilimpa."

Aliyafunua moja moja kwa kidole, kama anatafuta lililo na maandishi ya maana. Hajui kusoma vizuri. Aliyapanga pembeni ya ungo.

"Kwa hiyo mguu haukupona kwa mikono yako."

"Hapana, dada."

"Nilishangaa," alisema. "Nimekulea. Mikono yako haijawahi kutengeneza hata mpini wa jembe." Kisha sauti yake ikashuka. "Nilikuwa naondoka kwangu, mdogo wangu. Umenitazama nampigia mtoto simu, ukakaa hapo unakula ugali wangu."

Alimaliza kupepeta kilichobaki, akasimama kwa kushika nyonga.

"Sasa sikiliza. Mnunuzi nitamwambia asije. Mtoto nitamwambia bado. Na maji utachota wewe, mpaka punda aweze. Wewe na baiskeli ya marehemu. Usiniambie habari ya basi."

Nilimpigia daktari nikamwambia yote. Akasema, "Haya, kaka. Bora umesema. Tuanze upya kuhesabu. Mpe wiki tatu."

Wiki tatu zilihitaji majani, na majani yetu yalikuwa yamekwisha. Mabua ya mahindi yaliyobaki yalikuwa makavu kama kuni. Majani mazuri wakati ule yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye ngitili ya shemeji. Ngitili ni lile eneo la malisho ambalo kwetu mtu hulizuia tangu masika, hakuna mnyama kuingia, ili kiangazi kikikaza ndama na ng'ombe wa maziwa wapate pa kuponea. Kuingiza mnyama kwenye ngitili ya mtu ni kosa la kuitiwa wazee. Kumwombea punda majani ya ngitili, hilo hakuna aliyewahi kulisikia.

Shemeji alitusikiliza mpaka mwisho. "Majani ya ndama nimpe punda? Watu watasema nimechanganyikiwa."

"Watasema wewe ni shemeji mwema," dada alisema.

"Hilo hawatasema. Wananijua." Akanigeukia, na nikaona macho yake yanaanza kucheka. "Lakini huyu mganga wa farasi nimemtangaza mimi. Nimewaambia watu kumi na moja kwamba ana mikono. Sasa kesho tunaziba uzio wa ngitili, majirani wote watakuwepo. Uje na mundu. Kabla hujakata hata jani moja, usimame uwaeleze mwenyewe. Usiache kitu. Ukimaliza, kata mzigo wako kila siku, upande wa kichuguu, mpaka apone."

Nilikwenda. Wanaume wanane walikuwa wanapanga miiba. Nikasimulia kijiwe, unga, makaratasi, daktari, hata duka la dawa na kilo mia na thelathini. Walicheka kwa pamoja mpaka mmoja akaketi chini. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikupita njiani bila kuulizwa mgonjwa wangu amepunguza mafuta kiasi gani. Lakini kabla hatujatawanyika, mzee mmoja aliyekuwa hajacheka sana alinivuta pembeni. Alitaka kujua yale aliyosema daktari kuhusu usiku, tumbo la kikapu. Yeye ana punda wawili. Nikamweleza. Akasema, "Hata mimi nawafungia hivyohivyo," akachukua kisu chake akaenda kukata konzi ya majani upande wa njia, ambako si ngitili ya mtu.

Kupona kwa punda hakukuwa na siku moja ya kusema ndiyo hii. Kwanza aliacha kusaga meno, na hilo nililigundua baada ya kuwa limeshapita. Kila jioni niliweka majani sehemu nne za uzio ili atembee kidogo akiyafuata, na kila alfajiri nilikwenda kutazama yaliyobaki. Asubuhi za kwanza yalibaki karibu yote. Kisha nusu. Nikawa nahesabu na mavi yake pia, kitu ambacho sikuwahi kufikiri nitafanya kwa furaha. Siku moja yalirudi kuwa machache na laini, akalala tena akitazama ubavu, nikakaa naye mchana kutwa nikimsugua shingo, mikono yangu ikitamani zile pakiti. Zilikuwa zimeshachomwa. Kesho yake akala.

Katikati ya hayo nilikuwa nachota maji. Ilinichukua siku kadhaa kujua kwamba njia ya mtoni haikuwa njia moja. Kuna mahali dada alikuwa anapumzika, penye jiwe, na jiwe lenyewe limelainika kwa kukaliwa. Kuna shimo lake mchangani ambalo wanawake wengine hawaligusi, na aliyenikuta nachimba mahali pengine alinisalimia akaniambia, "Mwadila, baba, la dada yako ni lile pale," kana kwamba ananionyesha mlango wa nyumba. Baiskeli ilikuwa inazama kwenye mchanga, nikaisukuma. Madumu mawili kwa safari, safari mbili. Jioni mgongo ulikuwa unaniuma, na niliposema hivyo dada aliniuliza kama nataka unga kidogo.

Wiki ya tatu punda alijigaragaza vumbini, miguu minne juu, akainuka akajitikisa, akapiga kelele ndefu mbaya iliyowashtua ndama wa shemeji. Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama pale mpaka kelele ikaisha. "Ee," alisema, "amerudi." Akaingia ndani.

Daktari alikuja, akambonyeza nyuma ya kiwiko, punda akaendelea kutafuna. Alituruhusu tuanze na madumu mawili yasiyojaa, mkanda upite nyuma zaidi, na magunia yawe laini. Akasema punda apewe majani kabla ya safari na baada ya safari, asitembee tumbo tupu kamwe. Aliniuliza nitaondoka lini. Nikamwambia mvua zikianza. Nilikuwa nimeshaanza kuikumbuka kusini.

Binti wa dada hakuamini habari za simu. Alikuja mwenyewe Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tisa, na gari la kuazima lenye nafasi nyuma, akiwa amevaa kama mtu aliyekuja kuhamisha vitu. Alinisalimia, "Shikamoo, mjomba," akatazama uani, akaona magodoro hayajafungwa, akavuta pumzi.

"Mama tulikubaliana. Punda akishindwa..."

"Kashindwa nani? Umekuja na jua lote hili, kaa kwanza."

Alikaa. Dada aliingia ndani akatoka na kata iliyojaa maji, akampa kwa mikono miwili. Mpwa wangu alikunywa nusu, akapumzika, akamalizia.

"Maji matamu. Ni ya bomba la mjini?"

"Ya mtoni," dada alisema. "Ya leo asubuhi."

Binti alitazama madumu manne yaliyopangwa kivulini, yamelowa ubavuni. Kisha akamtazama punda ndani ya uzio wake, kichwa chini, akivuta majani bila haraka. Akanigeuzia macho mimi, nami nikainua mikono kuonyesha kwamba safari hii sikuhusika. Tulikuwa tumetoka mtoni saa mbili. Dada alikuwa ametangulia na punda, ambaye mzigo wake tuliuongeza polepole mpaka madumu manne, na mimi nilikuwa nyuma sana na baiskeli tupu.

Mpwa wangu alirudisha kata. "Basi niongezee kidogo, mama," alisema, akavua viatu.